Waya wa Tatu

Betioky, 8 Juni 1997

Kwa dada yangu mpendwa Vorisoa,

Pokea salamu kutoka kwetu huku. Mimi mzima, mke wangu Haingo mzima, hata mbuzi wa mama mkwe waliokuwa wanakohoa wamepona. Tunatumaini na wewe huko Toliara u mzima na kifua hakikusumbui.

Dada, amplifaya imekuwa mpya! Tangu ulipoukata ule waya wa kijani kwenye plagi, mngurumo umekwisha kabisa. Zamani nikigusa tu nyuzi inaanza mmmmm, wazee wananiuliza gitaa linaumwa nini. Sasa sauti inatoka safi. Kuanzia Jumapili iliyopita tulipiga kwenye msiba wa mzee mmoja hapa jirani, siku tatu mfululizo, na watu walitoka vijiji vya mbali wakisema wametusikia kabla ya kuona moshi wa majiko. Nimewaambia fundi wangu ni dada yangu. Wakacheka, "Mwanamke anajua umeme?" Nikawajibu marehemu baba hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia bisibisi, maana mimi alishaniona sifai.

Kuna jambo dogo. Nikipiga muda mrefu, nyuzi zinanitekenya vidole. Na Haingo anasema maiki, ingawa ina amplifaya yake, inamuuma midomo kidogo akiikaribia, hasa kina mama wakishamwaga maji chini kutuliza vumbi la wachezaji. Wapigaji wa zamani wanasema hiyo ni dalili njema, mizimu ya wenye msiba imeukubali muziki. Sisi tunacheka tu.

Haingo anakusalimu sana. Barua nampa Relaha, dereva wa lori la mihogo, atakufikishia.

Ni mimi mdogo wako,
Lahimasy


Toliara, 19 Juni 1997

Mdogo wangu Lahimasy,

Nimefurahi kusikia mko salama. Kifua changu kinaendelea, nikiacha kuvuta moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya kitapona, na nikiacha kuvuta moshi wa risasi nitakula nini? Msalimie mama mkwe na mbuzi wake.

Nimefurahi pia kwamba mngurumo umekwisha. Ila hiyo habari ya kutekenywa imenikaa kichwani. Juzi kulikuwa na maji sakafuni hapa karakana. Nikawa nimeshika redio ya mtu kwa mkono mmoja na bati la amplifaya nyingine kwa mkono wa pili, nikarushwa mpaka kwenye benchi. Hiyo amplifaya nayo niliikata waya wa kijani kama yako. Tangu siku hiyo nakaa nafikiri.

Usimwambie mtu. Mafundi wa hapa sokoni wanangoja kwa hamu siku nitakayokosea, waseme walisema.

Ukipata nafasi, ilete amplifaya niiangalie tena. Si jambo la haraka. Kwa sasa pigeni mkiwa na ndala miguuni, na kina mama wapunguze maji.

Dada yako,
Vorisoa


Betioky, 6 Julai 1997

Dada Vorisoa,

Habari za huko? Sisi tunaendelea vizuri, ila usingizi tumeusahau. Ndio msimu wenyewe, mavuno yameingia na kila ukoo uliokuwa na maiti inasubiri sasa unazika. Tumeitwa sehemu saba. Nikiileta amplifaya Toliara, lori litakwenda wiki na kurudi wiki, na lile kundi la Ejeda litatunyang'anya misiba yote. Naomba tungoje Septemba.

Ndala nimejaribu, dada. Watu wamecheka hadi wakakaa chini. Nani anapiga muziki wetu na ndala? Mguu usipogusa mchanga vidole navyo vinasahau kazi. Na vumbi bila maji hatuonani.

Namwachia kalamu Haingo, ananivuta shati.

Wifi, usimsikilize, amevaa ndala nusu saa tu akazitupa. Mimi nakohoa vumbi, yeye anaringa. Jua lilivyo kali anapiga amefumba macho, jasho linamwingia machoni, mikono yote iko kwenye gitaa, basi mimi ndiye naimba huku namfuta uso kwa kanga, mbele ya watu, kama mtoto. Akina mama wanapiga vigelegele wanasema nimemharibu. Kweli nimemharibu. Septemba tutakuja wote, unipikie samaki wa huko, huku nimechoka na viazi. Wifi yako, Haingo.

Mdogo wako,
Lahimasy


Toliara, 15 Julai 1997

Lahimasy na wifi yangu Haingo,

Haya, Septemba si mbali. Samaki nitawakaushia. Mwende polepole.

Dada yenu,
Vorisoa


Betioky, 17 Agosti 1997

Dada,

Sijui nianze vipi. Wewe hujambo? Haingo amefariki.

Ilikuwa Jumatano, alasiri, kwenye msiba wa bibi mmoja upande wa mtoni. Siku ya pili ya kupiga, ng'ombe wameshaletwa, uwanja umejaa, maji yamemwagwa hadi mchanga umekuwa tope. Nilikuwa kwenye ile sehemu ya haraka ambapo wachezaji hawapumui. Haingo akaja karibu, maiki mkono wa kushoto, akanifuta uso kwa kanga iliyolowa jasho. Nikasikia mkono wangu umekaza na shingo imevutwa, nikarushwa nyuma hatua mbili. Nilipofumbua macho alikuwa chini anatetemeka.

Watu wakapiga kelele, "Ameshukiwa! Pepo amefika!" Unajua kwetu, mwimbaji akianguka hivyo msibani hamumshiki, mnapiga kwa nguvu zaidi ili pepo apate kusema. Na mimi nikadhani hivyo hivyo, dada. Nikadhani na mimi pepo kanigusa alipokuwa anapita. Nikarudi kwenye nyuzi. Nimepiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani mwangu. Kina mama wakamzunguka wakimpigia makofi, "Sema, bwana, sema!" Sijui ni muda gani, wengine wanasema robo saa. Mama yake ndiye aliyeinama akamgusa kifua, akanyoosha mkono juu, jenereta ikazimwa.

Mimi nilikuwa bado napiga. Gitaa halikuwa na sauti tena na mimi napiga.

Sasa analala nyumbani kwao, wakwe wanakusanya ng'ombe, atazikwa Oktoba. Wananiuliza nilivunja mwiko gani hadi pepo amchukue moja kwa moja. Nimekumbuka kila nilichokula na kila nilipopita.

Ila nimeona kitu. Kwenye kiganja chake cha kushoto kuna alama nyeusi, ndogo, umbo la kile chuma cha maiki. Na mimi kwenye vidole ninazo mbili, za nyuzi. Wewe ndiye uliyefundishwa na baba. Naomba uniambie ukweli, ilikuwa pepo au ilikuwa nini? Usinifiche kwa kunionea huruma. Siwezi kulala bila kujua kama niliyempigia alikuwa pepo au mke wangu anakufa.

Mdogo wako,
Lahimasy


Toliara, 26 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana, mwanangu, maana nimekulea hata kama umezaliwa baada yangu miaka sita tu.

Kabla ya barua hii nimeandika nyingine mbili nikazichana. Ya kwanza ilisema ni mapenzi ya Mungu. Ya pili ilisema huenda ni pepo, mambo hayo sisi hatuyajui. Ningeipeleka hiyo ungenishukuru, na samaki wa Haingo ningewala mwenyewe mezani hapa huku nikijua. Nimeshindwa.

Ulikuwa umeme, Lahimasy. Na mkono ulioufungulia njia ni wangu.

Ule waya wa kijani sikuuelewa. Baba alikuwa akiukata kila mngurumo ukizidi, nami nikakata, kila mtu sokoni anakata. Kazi yake ni moja tu: umeme ukipotea njia ndani ya mashine, unaupeleka ardhini, usimkute mtu. Nilipoukata, umeme uliopotea ukabaki kwenye bati la amplifaya, ukapanda kwa kebo ya gitaa hadi kwenye nyuzi, ukakaa mikononi mwako. Wewe hukuuona zaidi ya kutekenywa, kwa kuwa ulikuwa hujapata pa kutokea. Haingo alikuwa ameshika maiki, ambayo amplifaya yake bado ina waya wa kijani hadi kwenye jenereta, na amesimama kwenye tope. Alipokugusa uso kwa kanga ile iliyolowa, akawa yeye ndiye njia. Umeingia mkono mmoja ukatokea wa pili, na katikati kuna moyo.

Alikuwa anakufuta jasho tu. Nalia kila nikiandika hapa.

Uliniomba nisifiche, basi na hili nalisema. Mwezi wa sita niliporushwa hapa karakana nilielewa. Si yote, lakini nilielewa vya kutosha. Ningeweza kukuandikia, "Zima hiyo mashine leo, usiiguse, itaua." Nikaandika, "Ukipata nafasi." Nikaandika, "Si jambo la haraka." Niliogopa utaileta, mafundi watauliza imerudi kwa nini, nami niseme nilikosea. Mwezi wa saba wifi yangu ameniandikia kwa mkono wake kwamba anakufuta uso huku ana maiki, nikasoma, nikaona kabisa hatari iko wapi, nikajibu mistari miwili ya samaki.

Kuhusu swali lako la mwisho. Kama mngezima na kumkanda kifua pale pale, labda. Sijui. Usichukue mzigo huo, mlifanya mlichofundishwa. Mimi sikufanya nilichojua.

Relaha anakuletea plagi mpya na waya wenye nyuzi tatu, na nondo ya shaba. Izike nondo ardhini mpaka ibaki shubiri moja, iunge na chuma cha jenereta na soketi zote. Mabati yote ya amplifaya yaungwe pamoja, ya gitaa na ya maiki. Kabla mtu hajagusa chochote, pima kwa testa. Amplifaya zote nilizowahi kukata waya nimeanza kuzitafuta, nyumba kwa nyumba. Nimeshapata kumi na moja.

Nataka kuja kwenye mazishi. Niambie kama nije.

Dada yako,
Vorisoa


Betioky, 19 Oktoba 1997

Kwa dada Vorisoa,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi nipo. Mama mkwe amedhoofu ila anakula.

Barua yako niliipata mwanzoni mwa Septemba. Umengoja muda mrefu na nilijua unangoja. Sikujibu makusudi.

Haingo tumemzika tarehe tisa. Ng'ombe kumi na wawili, siku nne za muziki, na nilipiga mimi, hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nilizika nondo kama ulivyoandika, nikaunga mabati yote, nikapima kila asubuhi mbele ya watu. Amplifaya imeanza kunguruma tena. Mpiga ngoma alisema tutafute mkasi. Nilimshika shati, wakatutenganisha.

Wakwe nimewaambia ni pepo. Huku mtu akichukuliwa na pepo akiwa anaimba anapewa heshima, wameshaanza kumwita katika nyimbo. Nikisema ni waya, wataniuliza waya wa nani. Jina lako sijalitaja na sitalitaja. Hiyo ni yangu na yako, tutakufa nayo.

Nami sina usafi wa kukunyooshea kidole. Siku ile unakata nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ulisema, "Huu sijui ni wa nini," nikakujibu, "Kata tu, dada, watu wanangoja." Nakumbuka vizuri nilikuwa nacheka.

Uliuliza kama uje. Nimeacha Relaha apite mara tatu bila barua kwa sababu ya hilo. Usije, dada. Si kwamba nakuchukia. Najijua. Nikikuona unashuka kwenye lori na kile kimfuko chako cha vyombo, nitakukimbilia, nitalia begani kwako, na nitakuwa nimekusamehe kabla hujafika mlangoni. Sitaki iwe rahisi hivyo. Haingo ana siku kumi tu ardhini. Mtu mmoja angalau abaki na hasira kwa ajili yake, na hapa wote wanashangilia pepo, nimebaki mimi peke yangu.

Hasira ikiisha nitakuandikia. Endelea kuzitafuta hizo amplifaya.

Mdogo wako,
Lahimasy