Neno la Kumtuliza Spika

3 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko salama huko kwenye duka la mikate, na tanuri halijakuunguza nyusi tena. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Baba yuko kazini, kwenye kiwanda cha matofali.

Shida ni Spika. Tangu uondoke anabweka mpaka jogoo wa jirani ameacha kuwika, kajiona hana kazi. Mwenye nyumba atakuja mwisho wa mwezi. Amesema akimkuta bado ana makelele, mbwa aondoke. Wewe ndiye uliyemlea na kumpa jina la kipaza sauti, basi nifundishe kumtuliza. Najua uliapa kwamba hutaki habari za nyumba hii. Hii ni habari ya mbwa tu.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyusi zimeota. Habari za mbwa nazipokea.

Chagua neno moja, usilibadilishe. Akibweka, liseme. Akitulia hata kwa pumzi moja, mpe kipande cha mkate. Usimpe akiwa bado anabweka, utakuwa unamlipa mshahara wa kelele. Msalimie Mama.

Kaka yako

20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Afya zetu ni njema, ila nina aibu hata kalamu imekuwa nzito.

Nilichagua "nyamaza", kwa sababu ndilo neno analolisikia zaidi hapa nyumbani. Nikilisema, anazidi kubweka. Nikaongeza sauti, naye akaongeza. Jana nilikuwa uani nikimfokea, mara Mama Cherehani, yule fundi wa nguo wa chumba cha pili, akafungua dirisha. Aliponiona akashika mdomo.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Nilidhani baba yako karudi mapema. Nilikuwa nakuja kumchukua mama yako akae kwangu kidogo."

Kaka, nilidhani ukuta unatuficha. Shuleni huwa nasema Baba ana sauti kubwa kwa sababu ya mashine za kiwandani. Kumbe mtaa mzima unajua. Na jana sauti ile ile ilitoka kwangu. Spika alikuwa amejibanza mlangoni mwa jikoni, alikokuwa Mama.

Mdogo wako

24 Februari

Hujambo, mdogo wangu?

Aibu hiyo usiibebe peke yako, nigawie. Neno lile Spika analijua kuliko wewe. Ulipokuwa mdogo, Baba akianza, Mama alikuwa anakutuma dukani. Mimi na Spika tulibaki naye. Baba akisema "nyamaza", kinachofuata ni kiti kuanguka. Spika halibwekei neno, anakibwekea kiti. Mimi nilichoka nikaondoka, nikamwachia mbwa kazi yangu.

Tafuta neno ambalo halijawahi kumtisha mtu humo ndani. Jaribu "asante". Hilo halijatumika sana, bado jipya.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sote tuko wazima, na Spika bado yupo.

"Asante" alilishika haraka. Mama Cherehani alikuja kurudisha ungo, akasema asante, mbwa akalala chini papo hapo. Tulicheka mpaka Mama akafuta machozi.

Jumamosi mwenye nyumba alipiga hodi, na Baba alikuwepo. Spika akabweka. Kabla sijafungua mdomo, Baba akapaza sauti: "Nyamaza!"

Spika akaruka akasimama kati yake na Mama, akibweka kama aliyepagawa. Mama alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akaliinua usoni kama ngao, vikombe vikaanguka vyote. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Mwenye nyumba akatazama viatu vyake. Baba akatazama sinia.

Nikasema neno letu, lakini makelele yakalimeza. Baba akakaa sakafuni, kati ya vigae vya vikombe.

"Unamwambiaje huyu?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akalisema. Ilibidi alirudie, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka Spika akalala.

"Mbwa hana tatizo," mwenye nyumba akasema, akaondoka bila kuketi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye Baba aliniuliza neno lile nimelitoa wapi. Nikasema kwako. Akaomba kalamu. Hapa chini ni mwandiko wake, usiucheke.

Mdogo wako

Mwanangu, mbwa wako hajambo. Mimi bado najifunza. Baba.

25 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imejaa unga.

Sijui kama nimesamehe. Mwambie Mama hivyo, asije akafurahi kupita kiasi. Lakini nimeomba ruhusa kwa bosi, nitafika Jumapili mchana. Nikipiga hodi, mtu yeyote asimwambie Spika asante. Siku hiyo mwacheni abweke.

Kaka yako