Ubao wa Veikko pale Kwenye Kona

Shamba la Ollila,
Njia ya Kuusela,
Michigan Kaskazini.
12 Machi 2024

Mpendwa kaka Reino,

Shikamoo kaka. Hujambo huko kwenye joto lako la Florida? Magoti yanakubali ngazi siku hizi, au bado unayasingizia kila nikikuuliza utakuja lini? Na wifi Darlene, presha imeshuka? Niliwaota wote wawili juzi mmekaa ufukweni mmevaa makoti ya baridi na glovu, nikaamka nacheka peke yangu. Sisi huku tu wazima kiasi. Theluji bado imefika madirishani upande wa zizi, na mgongo unanikumbusha umri wangu kila nikishika koleo. Mama yupo. Nitamfikia.

Najua bahasha ni nzito. Usiitikise wala usiimwage mezani. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ndiyo utoe kilichomo.

Nilikwambia kwenye simu kwamba kile kiharusi cha Septemba kilimwachia Mama Kifini peke yake. Kiingereza kimemtoka chote, utadhani hakuwahi kukisema. Wewe ukasema ah, kitarudi tu. Hakijarudi. Sasa fikiria, katika watoto wake watatu anabaki na mimi, ambaye Baba alikataza nisifundishwe. Wewe na kaka Veikko mlichekwa shuleni kwa matamshi yenu, basi kitinda mimba akalelewa kwa Kiingereza asije akachekwa. Mkawa mnazungumza mambo yenu ya maana juu ya kichwa changu. Mimi niliambulia makombo: kula, lala, nyamaza. Leo nina miaka sitini na mitano na nina mama nisiyeweza kumuuliza anaumwa wapi.

Kwa hiyo Oktoba nilijiandikisha madarasa pale ukumbi wa Wafini, ule wenye jukwaa bovu tulikokuwa tukicheza dansi. Jumanne Kifini, Alhamisi kuchonga mbao. Chumba cha pili wako akina mama wanaofuma mazulia ya matambara, na mmoja anayeunganisha mabua kuwa pambo la kuning'iniza juu ya meza. Mwalimu wetu ni Hilkka Korpivaara, mwanamke wa Savo, Ufini, kulekule alikotoka Babu, ameolewa hapa. Mfupi, mkali, hana dogo. Amenirudisha kusema habari za asubuhi mara kumi na moja, nimehesabu.

Wesley Takala naye yupo. Unamkumbuka, aliyekung'oa jino kwenye hoki. Ana miaka sabini na nne na mdomo wake ni uleule. Nilipomaliza kijiko changu cha kwanza alikigeuzageuza, akaniuliza kama ni koleo la kwenda nalo mgodini. Nimeendelea nacho hivyohivyo, nakorogea uji wa Mama.

Sasa nije kwa Mama.

Unajua mazoea yake ya dirishani. Saa kumi na nusu jioni, kila siku, lile dirisha linalotazama njia. Tangu nikiwa msichana namwona pale, ananong'ona, nikadhani anasoma hali ya hewa au anasali. Siku moja ya Novemba nilikuwa namenya viazi nyuma yake. Nikasikia neno ninalolijua. Kisha jingine. Yalikuwa maneno ya somo la tatu, Reino, maneno ya watoto kabisa, nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari langu siku iyo hiyo. Njoo. Mbona umesimama hapo. Kung'uta theluji miguuni. Sauna imeshapata moto, mwanangu, ingia.

Nilitazama nje. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na njia tu, na theluji, na kisanduku cha barua.

Nikaanza kukumbuka mambo niliyoyapita miaka yote kama kipofu. Lile taulo moja ambalo Mama huliacha kwenye sauna kila Jumamosi tukishaoga wote, na kuni mbili za ziada kwenye jiko la mawe mle ndani. Nilidhani ni za Baba, kwa kuwa alikuwa anachelewa zizini. Baba tumemzika miaka kumi na mmoja iliyopita, ndiyo mara ya mwisho kuiona sura yako, na taulo bado linawekwa. Sikuwahi kujiuliza. Mtu akikua na jambo ndani ya nyumba, halioni.

Mwezi Januari Hilkka alituambia tutachonga mbao za kuandika herufi. Akaleta picha za zamani za Savo: misonobari iliyokatwa matawi ya chini, imepigiliwa ubao, na kwenye ubao herufi mbili za jina na mwaka. Mimi nikanyoosha mkono kama mtoto anayejua jibu. Nikasema sisi tunao mmoja. Nikawasimulia darasa zima jinsi Veikko alivyozama kwenye barafu ya Aprili na nyavu zake, jinsi alivyopatikana baada ya wiki tatu, na jinsi Baba alivyopigilia ubao kwenye msonobari wa kona, katikati ya makaburi na nyumbani. V.O. 1971. Nikajisifu, kaka. Nikasema kila baada ya miaka mitatu, sikukuu ya kati ya kiangazi, mimi mwenyewe hupanda pale nikazipaka rangi nyeupe zile herufi zisifutike, nikaacha na maua.

Hilkka aliweka kisu chini. Akaniuliza nani aliniambia ni ukumbusho. Nikasema hakuna aliyeniambia, lakini ni nini kingine?

"Huo ubao haukuwekwa mumkumbuke ninyi," akasema. "Umewekwa akumbuke yeye."

Akatueleza polepole. Kule kwao wazee walisema aliyekufa huinuka kurudi nyumbani kwake. Akifika kwenye ule mti anakuta jina lake na mwaka wake, anasoma, anajua kwamba ameshakufa. Hawezi kupita hapo. Anageuka.

Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Mara kumi na saba, Reino. Nimepiga hesabu nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti. Mara kumi na saba nimepanda kwa mapenzi yangu yote na kopo la rangi nikakaza kufuli mbele ya kaka yangu mwenyewe, nikamwachia na maua.

Niliendesha gari kwenda nyumbani nikapita kwenye kona bila kugeuza shingo. Kesho yake nilirudi mchana kuangalia. Ilikuwa imeanguka theluji mpya, njia nzima safi, haina alama. Chini ya msonobari peke yake ndipo ilikuwa imekanyagwa, kieneo kama cha mlango, kama mtu aliyesimama na kubadilisha miguu kwa baridi. Wanakuja kulungu pale. Najua wanakuja kulungu.

Nilichukua wiki mbili kuitunga sentensi ya kumuuliza Mama. Nikaipeleka kwa Hilkka akainyoosha. Jumapili moja baada ya kahawa nikamshika Mama mkono, nikamuuliza kama anajua ule ubao ni wa nini. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri basi na hatimaye limetokea. Akanieleza kwa maneno madogomadogo, jinsi mtu anavyomlisha mgonjwa, na kila nilipopotea alirudia.

Alisema wiki ya kwanza baada ya mazishi kulikuwa na mtu saunani. Ndoo ilisogezwa. Maji yalimwagwa juu ya mawe. Baba ndiye aliyesikia wa kwanza, na Baba ndiye aliyesema barafu haifai lakini nyavu zitolewe siku ile. Ndiye aliyemtuma Veikko, kaka, wewe unajua. Hakuwa anamchukia. Alikuwa hawezi kumtazama.

Mama alikuwa ndani ya lori siku mlipopigilia ule ubao. Aliona yote. Hakusema siku ile wala siku nyingine yoyote, akaishi na Baba miaka arobaini na miwili juu ya jambo hilo, akamwombolezea alipokufa. Kisha nikamsikia anataja jina lako, na maneno haya sikuhitaji kurudiwa.

"Reino alishika ngazi," akasema. "Alikuwa mtoto. Baba yake alimwambia shika, akashika. Mimi sina neno na Reino."

Nimeliandika kama alivyolisema. Nimelisoma mbele ya Hilkka kuhakikisha sikukosea, na sijakosea. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ungebadilisha mazungumzo, ungeanza habari za mvua.

Halafu akaniomba. Alisema yeye hana siku nyingi na hataki kwenda kukutana na mtoto wake mtini, nje, kwenye baridi. Anataka amwone ameingia ndani kwanza. Niutoe ubao. Niulete. Nichochee nao sauna.

Nilichelewa mwezi mzima. Kila siku nilipata sababu: theluji, mgongo, gari. Ukweli ni kwamba niliogopa, na sioni aibu kukwambia. Mtu unaweza kumpenda maiti wako na bado usitake kumsikia akigonga. Mama hakunisukuma. Alikwenda dirishani kwake saa kumi na nusu, akaniacha na viazi vyangu, na mimi nilikuwa nikielewa kila neno. Ndiyo adhabu ya kusoma lugha.

Jumamosi ya tarehe mbili mchana nilikwenda na mtaimbo na kile kisu cha darasani. Misumari ni minne, ya chuma cha kufua, imezama na mti umeimeza, ikabidi nichimbe gome kama ninayetoa mwiba. Ubao ulipoachia ulitoa sauti nisiyotaka kuieleza. Nyuma yake mti ulikuwa mweupe kabisa, haujawahi kuona jua tangu siku ile. Nikasema kile Kifini changu kibovu, njia iko wazi, twende. Nikafungua mlango wa abiria, nikasubiri kidogo, nikaufunga. Usinicheke. Niliendesha taratibu sana mpaka nyumbani.

Ubao ulishika moto haraka. Rangi zangu zote kumi na saba zilinuka mpaka macho yakatuwasha. Nilimwogesha Mama, nikamkalisha kwenye benchi la chini, na yeye mwenyewe akamwagia maji juu ya mawe. Mvuke ulipopanda alijisogeza. Alijisogeza kwa makusudi, Reino, kama unavyompisha mtu kwenye benchi la kanisa, akabaki ameegemea ukuta na nafasi kati yetu. Joto lilikuwa zuri. Nilikuwa nalia na nikashukuru kwamba mle ndani machozi na jasho havijuani.

Taulo la tatu lilikuwa limelowa tulipotoka. Mvuke hulowesha kila kitu, hilo nalijua vilevile.

Wiki nzima iliyofuata Mama hakwenda dirishani. Alikula. Alilala mchana mdomo wazi kama mtoto mchanga. Saa kumi na nusu ikafika ikapita, na mimi nikawa ndiye ninayechungulia njia badala yake. Nikasema basi, nimemaliza, sasa ataondoka kwa amani, na nikaanza hata kufikiria nguo ya kumvika.

Jumamosi iliyopita nikatoka zizini nikamkuta amesimama palepale. Kiganja kwenye kioo. Ananong'ona. Nilimkaribia kumwambia kwamba ameshaingia, Mama, tumemleta, umesahau? Nikasikia. Maneno ni yaleyale, njoo, mbona umesimama huko, kung'uta theluji, sauna ina moto. Jina ndilo lilikuwa lako.

Nilimgeuza, nikamwambia kwa haraka, nikikosea kila kitu, kwamba Reino yu hai, yuko Florida, ana mke, ana nyumba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu kabisa, kama mtu anayeulizia njia:

"Basi nani amempigilia yeye ubao?"

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Leo Jumanne sikwenda darasani, nimekaa kukuandikia, na saa inakwenda kwenye ile kumi na nusu, namsikia anaburuta kiti chake.

Sasa toa kilichomo. Ni msumari mmoja kati ya ile minne. Niliitoa yote kwenye majivu; mitatu ninayo, nimeiweka kwenye kopo la kahawa. Huo mmoja ni wako kwa sababu ulikuwepo ulipoingia. Usiniambie habari za magoti. Kona nimeisafisha mwenyewe, sasa pale kuna mti tu, na kwenye mti hakuna jina la mtu. Na msumari usinirudishie kwa posta. Ulete mwenyewe, kabla sijalazimika kukaa dirishani badala ya Mama.

Nisalimie wifi Darlene na mwambie mkate wa iliki anaoupenda nitauoka akifika, si kabla. Nisalimie mwanao Curtis na wanawe, ambao hawajui hata nyumba hii ina milango mingapi. Wesley anakusalimu na anasema jino lako bado analo. Hilkka hakujui lakini ameniuliza habari zako mara mbili. Salamu za Mama sina, nimemuuliza, anasema atakupa mwenyewe.

Mungu akutunze njiani, kaka, na akupe miguu ya kufika.

Akupendaye daima, dada yako,
Ailie