Kitanda cha Juu, Chumba cha Mama

Tarehe 4 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima. Mimi ni mzima wa mwili. Roho usiiulize, leo inachemka. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatia, au utaniambia umeinama nyuma ya jokofu la mtu unalitengeneza na hunisikii vizuri.

Niko kisiwani. Ndiyo, kwetu. Karakana imefungwa, wanabadilisha mashine za kushonea, nikasema badala ya kukaa nikitazama dari, niende nikamwone Mama Mdogo, nimshtukize. Sikukuambia kwa sababu ungesema nisubiri twende pamoja, na hiyo "pamoja" yako nimeisubiri tangu wanangu wako chekechea.

Boti ilijaa vijana wa starehe, mabegi yao makubwa kuliko migongo, kila mmoja na spika yake na wimbo wake. Mmoja alitapika kabla hata hatujaondoka. Gatini hapapitiki. Pale alipokuwa anakaa fundi viatu sasa ni baa, jirani yake baa, kisha mahali pa kuchorwa tatuu, kisha baa. Nilikuwa nimepanga nilale nyumba ya wageni, asubuhi niende nyumbani na sura ya mtu aliyeoga. Bei walizonitajia, nilicheka nikidhani ni utani. Wao hawakucheka. Binti mmoja aliyevaa kibao shingoni akaniona nimesimama na begi langu, akanihurumia. "Mama, kuna vitanda vya bei poa, chumba cha kuchangia. Ila pana kelele." Nikamwambia nimelea watoto watatu, kelele tunafahamiana.

Tukakata kona, tukakata nyingine. Miguu ilijua kabla ya kichwa. Akasimama mbele ya mlango wetu.

Mlango wetu, mdogo wangu! Umepakwa rangi ya waridi, juu yake taa zinawaka na kuzima mchana kweupe. Nikalipa. Wamenipa kitanda cha juu, karibu na dirisha, katika chumba ambacho mama alikuzalia. Kuna vitanda vinane vya chuma. Chini yangu amelala kijana mwenye miguu michafu, anakoroma na jua liko utosini. Uani, mahali mama alipokuwa akianika nguo, wameweka bwawa la plastiki, na ndani yake watu wamesimama na vikombe kama wanasubiri kubatizwa.

Uliniambia "wapangaji". Uliniambia "familia moja, watu watulivu".

Nikamwuliza binti wa mapokezi, yule mama aliyekuwa akiishi hapa yuko wapi? Akasema, "Bibi wa mashuka? Yuko nyuma." Bibi wa mashuka! Nimemkuta kwenye kibanda cha kufulia, ameinamia beseni, anakamua mashuka ya walevi. Mikono imebabuka kwa dawa ya madoa, ngozi imechunika mpaka kwenye viwiko. Akainua uso, akaniangalia, akasema, "Umekuja." Basi. Akaendelea kukamua. Hakunikumbatia. Yule aliyetulea tangu mama alipofariki, aliyekuwa akinisikia nikikohoa anaamka, hakunipa hata mkono.

Hebu nieleze. Nieleze polepole kama unavyomweleza mtoto, maana sielewi.

Dada yako


Tarehe 6 Julai

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimia, mtoto wa mwisho alikuwa na mafua, ameshapona. Natumaini umepata usingizi kidogo, ingawa kwa maneno yale sidhani.

Umemaliza? Sasa na mimi nisikilize.

Paa lilikuwa linaanguka. Nilikuambia mara ngapi, ukanijibu, "Fanya unavyoona." Nikafanya nilivyoona. Huyu bwana, kila mtu anamwita Miwani, alikuja na mabati yake, saruji yake na mafundi wake. Nyumba ni yetu bado, amepanga tu, hajanunua. Mwanzo alisema ataleta jamaa zake. Baadaye akaweka vijana. Ulitaka kwenye kisiwa kile apange nani, watawa?

Kuhusu Mama Mdogo, hapo usiniguse kabisa. Nilimchukua nikamleta kwangu. Akawa anafungua kabati la mke wangu na kukunja upya kila nguo. Akawa anazunguka sebuleni kama mtu aliyefungiwa. Siku moja tumerudi kazini, hayupo. Jirani anasema alimwona na mfuko wake anaulizia boti. Nikamfuata mpaka huko, akaniambia, "Mimi nitafia kwangu, na ukinivuta mkono nitapiga mayowe." Ndiyo maana nikatia kipengele kwenye mkataba: chumba cha nyuma, jiko na choo ni vyake maisha yake yote, halipi na wala hafanyi kazi ya mtu. Miwani akatia saini mbele yangu. Kama anafua, basi anafua kwa kupenda kwake. Unamjua, hawezi kukaa bila kushika kitu.

Na mimi nikuulize, dada. Uliwahi kukanyaga huko tangu mwanao wa kwanza aanze shule? Mimi angalau nilikwenda nikaona mabati yakipigwa misumari. Wewe umekwenda kwa sababu mashine zimeharibika.

Tafadhali usifanye vurugu. Miwani ameshanipigia, anasema kuna mama analia mapokezi na kuwatisha wageni.

Mdogo wako


Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi, na pole kwa mafua ya mtoto. Mimi sikulia mapokezi. Nilikohoa. Na mashine hazikuharibika, zinabadilishwa. Hayo tuyaache.

Hicho chumba cha nyuma cha kwenye mkataba wako nimekwenda kukitafuta. Kina kufuli. Nimechungulia dirishani: kreti za bia zimepangwa mpaka darini. Mama Mdogo analala kwenye kibanda cha kufulia, juu ya meza ya kupigia pasi. Nikamwuliza ni tangu lini. Akasema, "Waulize waliokubali." Nikamwuliza nani aliyekubali. Akanipa mgongo, akawasha pasi.

Nikamwendea huyo Miwani wako. Amekaa baa, pale palipokuwa sebule yetu, anachezea simu.

"Chumba cha Mama Mdogo kimejaa bia," nikamwambia.

"Kaka yako anajua."

"Anajua nini?"

"Nilimpigia nikamwambia nahitaji stoo. Akasema sawa tu."

"Na kumfulisha mtu mzima mashuka?"

"Mazoezi, mama. Wazee wakikaa wanaganda."

Mungu ananipenda, sikuwa na pasi mkononi. Ningemnyoosha.

Nikaenda kibandani nikachukua nyundo. Kufuli lenyewe la bei rahisi, limeachia kwa pigo la pili. Nikaanza kutoa kreti na kuzibwaga uani. Vijana wa bwawa wakadhani ni burudani ya mchana. Mmoja mwenye maua ya plastiki kichwani akaniuliza, "Mama, hii ni ya bure?" Nikamwambia, "Beba kwanza, maswali baadaye." Basi wakajipanga mstari. Kreti zikawa zinapita mkono kwa mkono, wanaimba, kila moja ikitua chini wanashangilia kama goli limeingia. Huyu mwenye miguu michafu anayelala chini yangu ndiye aliyebeba kuliko wote, naomba radhi kwa niliyosema juu ya miguu yake. Miwani akatoka mbio akipiga kelele, "Acheni! Acheni!" Wakamshangilia na yeye. Wakamnyanyua mzimamzima, wakamtumbukiza bwawani pamoja na simu yake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Nikafagia chumba, nikatandika, nikafungua dirisha. Nikaenda kumwita. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Umemaliza onyesho lako?" akasema. "Keshokutwa utapanda boti. Hizi kreti zitarudi humu, na mimi ndiye nitakayeambiwa nizirudishe."

Akarudi kwenye meza yake ya pasi.

Na ni kweli, keshokutwa napanda boti. Karakana ikifunguliwa bila mimi kuna mwingine anasubiri kiti changu.

Niambie jambo moja tu. Ulisema "sawa tu"? Maneno mawili, mtu unayasema huku unakaza nati, na mtu mzima anahamishwa chumbani kwake kama ndoo. Kama uliyasema, usiniletee maelezo. Usinijibu kabisa.

Dada yako


Tarehe 25 Julai

Kwako,

Nilifika salama. Sisi wazima. Nimekaa nikingoja, hujajibu. Basi nimekuelewa.

Jana nilimpigia binti wa mapokezi, namba yake niliichukua. Anasema kreti zimerudi siku ileile niliyoondoka. Anasema Bibi wa mashuka alizibeba mwenyewe, moja moja, mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na asubuhi mashuka yalimngoja palepale.

Nashona kola za watoto wa shule na kila kola naona shingo yako. Usinitumie salamu za mtu yeyote.

Dada


Tarehe 3 Agosti

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Sikujibu kwa sababu ulinihukumu kabla sijafungua mdomo. "Kama uliyasema, usinijibu." Na kama sikuyasema? Hilo hukuliandikia hata mstari. Nilikasirika kiasi kwamba nilimfokea mteja mbele ya jokofu lake, nikafukuzwa jikoni kwake. Nikasema potelea mbali, adhani anavyotaka. Kisha nikapata yale ya mgongo wa Mama Mdogo. Nikaomba ruhusa kazini, sikupewa, nikaondoka hivyo hivyo.

Naandika kutoka kitanda cha juu, karibu na dirisha. Ndicho pekee kilichokuwa kimebaki.

Binti wa mapokezi hakunijua. Mimi niliyetia saini mkataba wa nyumba hii nimesimama na begi la vifaa, naambiwa nilipe kabla ya kuonyeshwa kitanda, na taulo lina malipo yake. Nikalipa. Nikaingia. Dada, mimi nilikuwa napata habari za nyumba hii kwa simu, na simu haina harufu. Nimekaa juu ya kitanda hiki nikanusa bia na dawa ya madoa ndani ya chumba cha mama, nikashuka kumtafuta Miwani.

Miwani alikuwa baa. Alinikumbatia! "Bosi wangu!" Nikamwambia aniachie.

"Ulimwambia dada yangu kwamba nilikubali chumba kiwe stoo. Rudia mbele yangu."

"Aah, bwana, biashara ina maneno mengi, mtu hawezi kukumbuka yote."

"Ulinipigia lini?"

"Labda nilitaka kupiga, mtandao ukasumbua."

Sikumpiga. Nataka ujue hivyo, maana kisiwani humu wanasema nilimpiga. Nilipindua meza tu, na yeye alikuwa ameiegemea.

Nikaenda na mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa, yule mama msusi. Amekuja na mteja wake nyuma, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Akasimama katikati ya uani, akaamuru muziki uzimwe, akakisoma kipengele cha chumba cha nyuma kwa sauti mbele ya wageni wote. Kisha akamwambia Miwani, "Kreti hizi utazitoa wewe. Si mfanyakazi wako, si wageni. Wewe." Akazitoa. Tulikaa tukamtazama mpaka ya mwisho. Nimempa notisi kwamba amevunja mkataba na atoke. Anasema tuonane mahakamani. Tutaonana.

Sasa nikuambie la Mama Mdogo, ndilo lililonifanya niandike badala ya kulala.

Nilimbebea begi lake mpaka chumbani. Nikamwambia, "Mama, sikukubali. Hakuwahi kuniuliza." Akasema, "Aliniambia mmekubali nyote wawili. Aliniambia dada yako kasema, mzee mmoja chumba kizima cha nini."

Miaka miwili, dada. Ameinamia beseni miaka miwili akiamini kwamba mimi na wewe tulikaa tukajadiliana tukampa mtu chumba chake. Ulipoingia kibandani alidhani umekuja kukagua kazi.

Nikamwuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimejaa, "Kwa nini hukusema kwenye simu? Si nilikuwa napiga kila mwezi? Si dada naye alikuwa anapiga?"

"Mlikuwa mnapiga," akasema. "Mnauliza, 'Mama, mzima?' Nasema mzima. Mnasema, 'Haya, tunashukuru.' Mnakata."

Kama wewe una jibu, lete.

Leo hajafua. Mashuka yamerundikana, wageni wanalalamika, Miwani anazunguka akitafuta mtu wa kufua. Mama Mdogo ametoa kiti chake, amekiweka katikati ya mlango wa waridi, amekaa. Anayetaka kuingia ajibane ubavu. Mikono nimempaka mafuta, akaniambia napaka vibaya. Wifi yako amenuna, kazini sijui kama bado ninayo kazi. Mwenyewe nimekasirika na sijui hasira niielekeze wapi, maana Miwani peke yake haimalizi yote.

Nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Akasema: "Mwambie sijamsamehe. Na wewe sijakusamehe, usijione kwa sababu umepindua meza. Akija, asilipe kitanda. Humu chumbani mkeka wa pili unaenea."

Nikamwuliza, basi hizo ndizo salamu? Akasema salamu amezichoka. Anataka tarehe.

Mdogo wako