Ushauri Uliozima Jiko la Firmin

Mtaa wa Molen 14,
Aalst, Ubelgiji.
9 Novemba 2011.

Mpendwa Joris,

Hujambo, mwanangu? Huko New Zealand kumekucha ama ndio mnalala? Mimi mzima, ila goti la kushoto hunikumbusha umri kila mvua inaponyesha, na hapa mvua haikatiki. Baba yako naye anapumua.

Nakuandikia kuhusu kibanda chake cha chipsi pale mbele ya kanisa. Mwaka jana ulimpigia simu ukamwambia aache mafuta ya ng'ombe, atumie ya mimea kwa kuwa ni rahisi, tena akaange mara moja badala ya mbili, aokoe gesi. Akakusikiliza kama anamsikiliza padri. Kaka yangu mimi, mtoto wa mama aliyezikwa ananukia mafuta ya ng'ombe! Kusoma umesoma, lakini hesabu yako ilisahau ulimi wa mtu wa Aalst.

Wateja hawakugomba. Mzee Cyriel wa duka la baiskeli, aliyekula kwake tangu hujazaliwa, alionja kipande kimoja tu akarudisha vyote.

"Firmin, bwana, nimeagiza chipsi, si sabuni!"

Foleni ikacheka, kisha ikavuka uwanja ikaja kwenye kibanda changu cha chipsi. Niliipokea. Ulitaka niifukuze?

Baba yako alirudia mafuta ya zamani, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kodi haimngoji mtu; ilimshinda, akanyang'anywa nafasi yake mbele ya kanisa. Manispaa ilipoitangaza upya nafasi ile, niliomba, nikapewa. Ndiyo, mimi. Ningemwachia mtu wa Brussels na viazi vyake vya barafu?

Sasa kaka ananimenyea viazi nyuma ya pazia, maana akikaa dirishani watu humtania. Inaniuma, lakini anamenya vizuri. Juzi aliniambia bila kuinua uso, "Godelieve, ukimwandikia mtoto, mwambie biashara inakwenda. Mwambie ushauri wake ulinifaa."

Basi, nimekuambia. Biashara inakwenda, ila ni yangu.

Msalimie mkeo Annelies na wale pacha. Shangazi yako Paula anakusalimu, na paka wake pia. Mungu awape afya na usingizi mzuri.

Mpigie baba yako Jumapili. Atakudanganya kwamba foleni yake imefika mlangoni mwa kanisa. Nawe mpongeze, tena kwa sauti ya furaha. Hiyo ndiyo adhabu yako.

Akupendaye hata ukimchukia,
Shangazi Godelieve