Kidole Chenye Nanasi

Lanham, Marekani, Jumapili

Baba Mutheu wangu,

Huku baridi inauma, lakini leo nimetoka jasho. Nilikuwa namenya mananasi ya wageni wa kanisani, Mutheu akaniita anipime sukari. Akanipangusa kidole kwa spiriti, akakidunga. Kimashine kikaonyesha namba kubwa ambayo sijawahi kuiona. Binti yako, na unesi wake wote, akaiamini. Alikuwa ameshashika sindano ya insulini mjukuu aliponishika mkono, akauachia haraka: “Grandma, you’re sticky!”

Kweli, nilikuwa nanata. Nikanawa kwa sabuni, akanipima upya. Sukari ilikuwa sawa kabisa! Ile ya kwanza ilikuwa ya nanasi, spiriti haikuitoa. Angenidunga, sukari ingeshuka mno, ningezimia mbele ya wageni.

Tangu hapo nakuwaza wewe. Unarina asali, unalamba kidole, unakipima hicho hicho, kisha unajiongezea dawa. Kwa simu utanibishia, ndiyo maana nimekuandikia kadi. Bandika kadi hii juu ya beseni, unawe kwanza. Nikirudi nataka kukukuta wewe, si mizinga peke yake.

Mama Mutheu