Kifungo cha Daktari wa Meno

Mwenzangu, nimeaibika, sijui uso niuweke wapi!

Daktari kamaliza kusafisha mzizi wa lile jino langu la mbele, kaliziba, kaligongagonga. "Bado imara, huenda lisihitaji kofia ya kulifunika. Huwa unalitumia kukata nini?"

Nikajibu, "Mkate tu." Mkate tu! Mimi, fundi cherehani miaka ishirini!

Akaridhika, akaandika: kofia haihitajiki.

Sasa kifungo cha koti lake kinaning'inia. Si unanijua? Sindano iko kwenye kola yangu, na uzi wake. Nikamwambia atulie, nikakishona palepale, mdomo bado una ganzi.

Halafu nikainama nikakata uzi. Kwa jino. Lile lile! Kifuani pake!

Alifuta, akaandika upya: "Kofia. Ya chuma."