Springi Chini ya Mtungi

Jumatano, 6 Agosti

Bado niko Gesima kwa Mama, bado chini ya gari. Bolti ya nyuma kushoto imeshika kutu na haitaki mtu. Nimeitia mafuta, nimeigonga, nimeitukana kwa Ekegusii. Wapi! Spana imeteleza, vidole vimechubuka. Mimi mwenye duka la dawa, na hapa sina hata plasta.

Nilitaka gari langu la spoti lilale chini, nikatoa springi zake nikaweka fupi. Kisii mjini vijana walipiga miluzi. Kisha Sabato moja nikambeba Mama kwenda kanisani, tumbo la gari likakwama kwenye jiwe pale darajani. Wazee wa kanisa wakaliinua yeye akiwa ndani, na kitambaa chake cheupe kichwani. Hajaingia tena tangu siku hiyo.

Jumapili ndugu yangu Nyamweya anaoa, huko Nyansiongo. Mama amesema atapanda lori la kwaya. Mama wa bwana harusi, nyuma ya lori, na gari la binti yake lipo! Haiwezekani. Springi ndefu zinarudi. Fundi wa mjini kila siku ni kesho, kesho. Nitafanya mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua. Nimepanga springi ndefu barazani. Tatu. Niliweka nne kwenye stoo ya Mama, naapa. Nimepekua magunia ya mbolea, nimefukuza kuku, nimeshinda natafuta. Jioni naingia jikoni kunywa maji, na mtungi huo, umekaa juu ya springi yangu! Umetulia kabisa, kama kiti cha kuagiza.

Mama hakuona haya. Eti niliacha vyuma vimelala bure na mtungi wake ulikuwa unayumba. Nimeichukua. Ameegemeza mtungi ukutani. Nimepewa uji baridi. Sawa tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Ile bolti imelegea hatimaye, za nyuma zimeingia asubuhi. Ya mbele kushoto, alasiri. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaondoka na meno ya mtu, kwa hiyo nilikuwa nakaza huku naomba.

Ikabaki moja, na jua likaanza kushuka upande wa mashamba ya chai. Nyumba hii Sabato ikifunguliwa jua likizama, hakuna nyundo, hakuna spana, hata kuni huwa zimepasuliwa mapema. Mama akasimama mlangoni na kitabu cha nyimbo. Analitazama jua, ananitazama mimi. Haraka haraka, akasema, na hakumalizia. Nusura nirushe spana.

Nikaisukuma ndani hivyo hivyo. Nikateremsha jeki. Ka! Ncha ya springi imeruka kutoka mahali pake, gari limeinama upande mmoja. Nikaishika jeki tena.

"Moraa," Mama akasema. "Jua limezama."

Nikaacha. Nimeimba wimbo wa kufungua Sabato na grisi mikononi. Nimemchukia kila mtu, na jua pia.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisani kwa miguu. Mahubiri yalikuwa ya pumziko. Sikupumzika. Kila nikifumba macho kuomba naiona ile ncha. Watu wameuliza gari liko wapi. Nikasema nalo linaadhimisha Sabato. Walicheka kupita kiasi.

Mchana kutwa, kazi yangu kulitazama limeinama pale uani. Mama akalala usingizi mtamu. Nimekasirika hadi kichwa kikaniuma.

Jua likazama, tukafunga Sabato. Amina haijapoa niko chini ya gari. Mara tochi ikanimulika. Nikadhani ni Nyamweya. Kumbe ni Mama, amepiga magoti kwenye matope, yeye na magoti yake mabovu. Nimefungua, nimeibana upya, nimeizungusha polepole mpaka ncha ikakaa. Safari hii hakuna Ka. Nikamwambia Mama ainuke, atachafuka.

"Kaza kwanza," akasema.

Jumapili, 10 Agosti

Mama alilizunguka gari lote kabla ya kuingia. Akaketi mbele, mkoba mapajani. Tulipofika darajani akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, utadhani uzito wake ndio uliotukwamisha ile siku. Nami nikabana pumzi. Jiwe likapita chini yetu. Hatukusikia kitu. Akaishusha miguu.

Huko mbele kwaya walikuwa wanasukuma lori lao kwenye matope. Mama akanigusa mkono nipunguze mwendo. Akateremsha kioo, akawapungia kitambaa. Alitaka wamwone vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyamweya ameoa. Vidole bado vinauma. Kesho narudi dukani.

Springi fupi nilishapata mtu wa kuzinunua mjini, zote nne. Asubuhi nimekwenda barazani kuzikusanya. Ziko tatu.

Nikaingia jikoni. Mtungi umekaa wima, hauyumbi. Nimekunywa maji, nimerudisha kikombe, nimetoka.